Mkono Mmoja na Tarumbeta

Jumamosi moja ya mwaka 2018, tulipokuwa tukitandika vitanda vya watoto, tulikuta kitu kigumu chini ya mto wa binti yetu wa tatu. Kilikuwa kimefungwa ndani ya leso. Tulipoifungua leso tuliona kidomo cha tarumbeta, yaani kile kipande kidogo cha shaba mfano wa kikombe ambacho mpigaji hukiweka mdomoni anapopuliza. Kilikuwa mali ya usharika. Kaka yake alikuwa amekitafuta siku tatu nyumba nzima hadi machozi yakamtoka, kwa maana Jumapili ilikuwa inakaribia, na mwalimu wa matarumbeta hana mchezo.

Tulimwita binti yetu, tukamgombeza mbele ya ndugu zake. Tulimwambia kwamba kuchukua kitu cha kanisa bila ruhusa ni wizi. Kisha tukaongeza, “Na wewe kitu hiki cha nini?”

Swali hilo la mwisho ndilo linalotuuma mpaka leo. Binti yetu alikuwa na umri wa miaka kumi, na mkono wake wa kushoto hauna kiganja wala vidole. Hakujibu neno. Aliinamisha kichwa, akauvuta mkono wa sweta lake ule wa kushoto, kama ilivyo desturi yake, akaenda nje migombani.

Akina mama wenzetu, sisi ni mke na mume wenye watoto wanne. Tumeona tuandike habari hii pamoja, kwa kuwa kosa lilikuwa letu sote wawili, na huenda katika nyumba yako yupo mtoto ambaye umekwisha kumjibia “hapana” kabla hajauliza.

Siku ya mashine

Kwetu ni Uchagani, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Ng’ombe wetu hawachungwi. Hukaa bandani, nayo majani huwafuata yakiwa yamebebwa kichwani. Kila jioni majani ya tembo na vipande vya migomba hukatwakatwa kwa mashine ya mkono yenye gurudumu kubwa lililofungwa visu. Mwaka 2016, jioni ya mvua, mtoto wetu alikuwa akisukumia majani mashineni huku mmoja wetu akizungusha gurudumu.

Hatutasema ni nani kati yetu. Aliyezungusha gurudumu alijilaumu, na ambaye hakuwapo kumwondoa mtoto pale alijilaumu vilevile. Kwa miezi mingi tulikula chakula bila kutazamana. Tumekwisha kusameheana, lakini msamaha wenyewe ulichelewa kuja.

Mtoto alipona. Tulimpeleka kwenye karakana ya viungo vya bandia, na fundi wa pale alitueleza ukweli: mkono ambao tungeweza kuumudu ungejaza sweta na kupendeza machoni, lakini vidole vyake havishiki kitu. Tuliununua hata hivyo. Binti yetu aliuvaa kanisani mara tatu, kisha akauweka juu ya kabati, ukabaki huko na vumbi lake. Kwa kweli mkono ule tuliununua kwa ajili ya macho yetu wenyewe.

Tangu hapo tukawa walinzi. Tulimfunga vifungo vya sare yake ya shule ingawa alikuwa amekwisha kujifunza kuvifunga mwenyewe. Tulimkataza kuteka maji. Mwalimu wa matarumbeta alipotangaza kwamba anataka watoto wapya wa kuanza kujifunza, tulimwendea baada ya ibada, tukamwambia kwa sauti ya chini asimwite binti yetu, asije akamtia uchungu. Mwalimu alitikisa kichwa akanyamaza. Yeye mtoto hatukumwuliza.

Msomaji asiyejua desturi ya makanisa ya Kilutheri huku kwetu afahamu kwamba matarumbeta si jambo dogo. Ni urithi ulioletwa na wamisionari wa Kijerumani, nao umeota mizizi. Matarumbeta hupigwa katika sikukuu, katika arusi na katika mazishi, na alfajiri ya Pasaka kikundi chetu hupiga makaburini kabla jua halijachomoza. Mtoto wa nyumba yetu kuwa nje ya jambo hilo, wakati kaka yake yumo ndani, ni sawa na kusimama dirishani wakati wenzako wanakula.

Mwalimu aja kuchukua kidomo

Jioni ya siku ile ile mwalimu alibisha hodi. Ni mzee mstaafu, mpole, mwenye kikohozi kidogo. Tulimpa chai, tukamrudishia kidomo, tukaomba radhi kwa niaba ya mtoto. Alikishika kidomo mkononi akakigeuza-geuza. Kisha akaomba mtoto aitwe.

Tulidhani anataka kumwonya. Kumbe alimpa kile kidomo akamwambia, “Hebu nisikie.”

Binti yetu alitutazama kwanza. Kisha akakiweka mdomoni, akapuliza. Haikuwa kelele tu. Ilikuwa sauti nyembamba kama ya nyuki, lakini nyuki aliyefundishwa kuimba, kwa maana ilipanda na kushuka, na mara tukaitambua nyimbo tunayoifunga nayo ibada kila Jumapili. Aliipiga ubeti mzima. Kwa siku tatu alikuwa akijifunza peke yake huko migombani, mbali na masikio yetu.

Mwalimu alitueleza jambo ambalo hatukulijua, ingawa tumesikia matarumbeta tangu utotoni. Alisema kwamba sauti ya tarumbeta haitoki katika vidole. Inatoka katika midomo inayotetemeka ndani ya kidomo, nalo bomba la shaba huikuza tu. Vile vitufe vitatu vya juu kazi yake ni kurefusha njia ya hewa, na njia ikirefuka sauti hushuka. Hata bila kubonyeza kitufe chochote mpigaji hodari hupata sauti kadhaa kwa midomo peke yake.

“Mama,” alisema, “mtoto huyu ana midomo. Wapo vijana walio nami mwaka wa pili ambao hawajaipata. Tarumbeta yahitaji vidole vitatu vya mkono wa kulia. Yeye anavyo vitano. Mkono wa kushoto ni wa kushikilia tu, na kushikilia siyo muziki.”

Tulikaa kimya. Mmoja wetu akasema lile lililokuwa moyoni mwetu sote wawili: kwamba watu watamtazama. Mwalimu akamaliza chai yake taratibu, akajibu, “Watamtazama. Hata sasa wanamtazama. Afadhali wamtazame anapopiga.”

Nani mwenye kilema?

Basi mafunzo yakaanza, na shida nazo zikaanza. Tarumbeta ni nyepesi ukiishika kwa dakika moja. Baada ya dakika kumi ni nzito kama ndoo ya maji. Alipojaribu kuishika na kubonyeza vitufe kwa mkono ule ule mmoja, mkono ulitetemeka, mdomo wa mbele ukainamia sakafu, na ili isimponyoke aliibana kwenye midomo hadi ikavimba. Vidole vinavyobeba mzigo haviwezi kucheza upesi. Alirudi nyumbani midomo ikiwa na alama ya duara, akasema yuko salama. Sisi tukaona hoja yetu ya zamani imethibitika. Tulikaribia kumwondoa.

Aliyetuzuia ni binti yetu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa chuoni Dar es Salaam. Alitutumia video kwenye simu. Ilimwonyesha Mjerumani aitwaye Felix Klieser, aliyezaliwa mwaka 1991 katika mji wa Göttingen bila mikono yote miwili. Alikuwa ameketi mbele ya okestra nzima akipiga pembe, ile ya shaba iliyojikunja kama konokono. Pembe imewekwa juu ya stendi, mguu wake wa kushoto ameuinua, naye anabonyeza vitufe kwa vidole vya mguu. Alianza kujifunza akiwa mtoto mdogo sana, akasoma katika chuo cha muziki cha Hannover, na mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Leonard Bernstein katika tamasha la muziki la Schleswig-Holstein. Wapigaji wengine wa pembe hutia mkono wa kulia ndani ya mdomo wa pembe ili kulainisha sauti. Yeye hana wa kutia, hivyo amejifunza kufanya kazi hiyo kwa midomo na pumzi.

Tuliitazama mara tatu. Mara ya kwanza tulitazama mguu. Mara ya pili tulitazama uso wake, uliokuwa umetulia kama wa mtu yeyote aliye kazini. Mara ya tatu ndipo tulipoiona stendi.

Hapo, wapenzi wasomaji, fikira zetu ziligeuka. Miaka miwili tulikuwa tumeutazama mkono wa mtoto tukihesabu kilichopungua. Wala hatukuwahi kuitazama tarumbeta. Tarumbeta ni kazi ya mikono ya watu. Aliyeibuni alikuwa na mikono miwili, akaibuni kwa ajili ya wenye mikono miwili, basi. Kama ni kupungukiwa, chombo nacho kimepungukiwa: hakina mguu wa kusimamia. Na chombo hakina moyo wa kuumia. Chaweza kutobolewa, kufungwa na kuongezewa.

Kwa fundi baiskeli

Fundi wetu yuko sokoni chini ya mwarobaini. Hutengeneza baiskeli na kuchomelea vyuma. Alipoelezwa shida, mara moja akataka kuchomelea kipande cha chuma juu ya tarumbeta yenyewe. Mwalimu alipiga ukelele. Bomba la tarumbeta ni jembamba, na viungo vyake vimeungwa kwa risasi ambayo huyeyuka kwa moto. Ukiichomelea utapata vipande viwili badala ya chombo kimoja. Kanuni ya kwanza ikawa hiyo: tarumbeta isiguswe na moto.

Stendi ya kwanza ilikuwa ya nondo. Ilisimama imara, lakini tarumbeta ilining’inia juu yake ikipepesuka kama bendera. Ya pili iliishika vizuri mno, ikabonyeza bomba, na mwalimu akanuna wiki nzima. Ya tatu ndiyo iliyofaa. Fundi alichukua bomba la fremu ya baiskeli pamoja na lile la kiti linaloingia ndani yake, akaweka miguu mitatu chini, mithili ya mafiga. Ukilegeza nati, stendi hupanda au kushuka kama kiti cha baiskeli. Jambo hili lina maana kubwa, kwa sababu stendi ikiwa chini shingo hupinda na pumzi hubanwa, na tena mtoto hukua. Juu aliweka kikono cha bati nene kilichokunjwa kama kiganja cha mtu, kinachoshika katikati ya tarumbeta, pale penye mitungi mitatu ya vitufe, kwa kuwa hapo ndipo penye nguvu. Ndani ya kikono tulibandika mpira wa tyubu ili shaba isichubuke.

Ukabaki mkanda wa kuifunga isianguke. Fundi alileta wenye nati. Binti yetu akauliza, “Na nani atakuwa ananifungia?” Tulisikia aibu, maana kila mtu pale alikuwa amefikiria kumfungia. Basi tulishona mkanda wenyewe nyumbani kwa cherehani, tukautia kile kitambaa cha kunasa kinachotumika kwenye viatu vya watoto. Huweka tarumbeta, huvuta mkanda, hunasa, yote kwa mkono mmoja. Siku alipofanya hivyo mwenyewe mara ya kwanza, alifungua na kufunga, akafungua na kufunga, zaidi ya mara kumi.

Fundi alikataa ujira, akachukua fedha ya vyuma tu.

Wengine waliotutangulia

Kabla ya hapo tulidhani sisi tu wa kwanza duniani kuwa na shida hii. Tukamwomba binti yetu mkubwa atutafutie habari zaidi, tukakuta kwamba wengi wametutangulia.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914, mpiga piano wa Vienna aliyeitwa Paul Wittgenstein alipoteza mkono wake wa kulia. Inasimuliwa kwamba akiwa mateka Siberia alijizoeza kwa vidole vya kushoto juu ya sanduku la mbao. Aliporudi kwao aliwaomba watunzi wamwandikie muziki wa mkono mmoja, na Mfaransa Maurice Ravel akamtungia kazi kubwa ya piano ya mkono wa kushoto pamoja na okestra, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1932. Katika habari hiyo piano haikubadilika. Kilichobadilika ni muziki wenyewe.

Mpiga ngoma Mwingereza Rick Allen alipoteza mkono wa kushoto katika ajali ya gari tarehe 31 Desemba 1984. Alitengenezewa ngoma za umeme zenye pedali, ili mguu wa kushoto ufanye kazi ya mkono uliopotea, na mwaka 1986 alikuwa amekwisha kurudi jukwaani mbele ya umati mkubwa.

Huko Marekani, katika mji wa Kearney jimboni Nebraska, mwalimu wa saksafoni wa chuo kikuu, David Nabb, alipatwa na kiharusi mwaka 2000, akabaki na mkono mmoja wenye nguvu. Fundi wa ala za muziki wa mji ule ule, Jeff Stelling, alimtengenezea saksafoni ambayo vitufe vyake vikisukumwa hubaki pale vilipowekwa mpaka visukumwe tena, hivyo mkono mmoja ukatosha kupiga muziki wote. Habari hii ilitugusa kuliko nyingine, kwa kuwa naye alisaidiwa na fundi wa mji wake mwenyewe.

Yuko pia Clarence Adoo wa Uingereza, mpiga tarumbeta wa kazi, aliyepooza kuanzia mabegani kwenda chini baada ya ajali ya gari mwaka 1995. Mtunzi Rolf Gehlhaar alimbunia chombo cha kompyuta kinachoongozwa kwa pumzi na kwa kugeuza kichwa, naye akarudi kupiga pamoja na wenzake. Na mwaka 2011 nchini humo kiliundwa chama kiitwacho OHMI, ambacho kazi yake ni kutafuta na kuazimisha ala zinazoweza kupigwa kwa mkono mmoja: filimbi, saksafoni, na stendi za matarumbeta zisizopishana sana na yetu ya baiskeli.

Wala siyo ughaibuni tu. Mjini Kinshasa lilikuwapo kundi lililoitwa Staff Benda Bilili, ambalo wengi wa wanamuziki wake walikuwa wamepooza miguu kwa ugonjwa wa polio. Walipiga muziki wakiwa juu ya baiskeli zao za magurudumu matatu, na kijana mmoja kati yao, Roger Landu, alijitengenezea ala ya uzi mmoja kwa kopo la bati na waya. Albamu yao ya mwaka 2009 ilisikika Ulaya yote.

Alfajiri ya Pasaka

Pasaka ya mwaka 2019 iliangukia tarehe 21 Aprili, katikati ya masika. Usiku kucha ilinyesha. Saa kumi ya alfajiri tulitoka na taa, kaka mtu akibeba tarumbeta mbili, na binti yetu akibeba stendi yake begani. Tulitaka kuibeba sisi. Alikataa.

Makaburini udongo ulikuwa tope tupu. Hatukuwa tumelifikiria jambo hilo. Mazoezi yote yalifanyika kwenye sakafu ya saruji. Nyimbo ya kwanza ilipita salama. Katika nyimbo ya pili tuliona mguu mmoja wa stendi ukididimia. Tarumbeta ikaanza kulala upande, naye akaifuata kwa kichwa, akainama, akainama zaidi, bado anapiga. Mioyo yetu ilisimama. Watu wote, naam, walikuwa wakimtazama.

Sisi tulikuwa nyuma, mbali naye. Kabla hatujafika, mzee mmoja wa kanisa aliyesimama karibu alipiga goti topeni na suti yake ya Pasaka, akaikamata stendi kwa mikono miwili, akaiweka sawa. Alibaki vile ameishikilia hadi nyimbo ikaisha. Binti yetu hakukosa hata sauti moja. Au kama alikosa, hakuna aliyeijua.

Tulipokuwa tukirudi, bibi yao, ambaye tangu mwanzo hakuwa amesema lolote, alisema tu kwamba hata Musa mlimani mikono ilimchoka, wenzake wakaishikilia mpaka jua likachwa, wala hakuna aliyesema kwamba ushindi ule haukuwa wa Israeli.

Siku hizi chini ya miguu ya stendi kuna vipande vitatu vya ubao.

Yaliyobaki

Tusiseme kwamba kila kitu kimekuwa laini. Stendi haiwezi kutembea. Katika maandamano, na tunapolisindikiza jeneza, yeye hubeba tarumbeta bila kupiga hadi tufike mahali pa kusimama. Fundi amejaribu kumtengenezea kishikilio cha kufungwa kiunoni, lakini tarumbeta huruka kila hatua na kumgonga meno. Bado anajaribu. Sauti mbili za chini hupanda kidogo, kwa kuwa wenzake huzirekebisha kwa kusogeza kibomba kwa mkono wa kushoto. Yeye huzirekebisha kwa midomo, na siku akichoka husikika. Mwalimu humwambia. Tunamshukuru kwa kumwambia, kwa maana mtoto anayesifiwa kila kitu anajua kwamba anahurumiwa.

Sweta lake hulivaa hata leo, jua liwake vipi. Sasa ni msichana wa sekondari na hatumwulizi habari ya sweta. Atalivua siku atakayotaka, au asilivue.

Mwaka fulani alituuliza kwa nini siku ile ya kidomo tulimgombeza mbele ya ndugu zake. Hatukuwa na jibu la maana. Tulimwita pamoja na ndugu zake wote, tukamwomba msamaha mbele yao, maana kosa lilifanyika mbele yao. Kaka yake akasema, “Lakini alikiiba kweli.” Tukacheka wote, naye akacheka zaidi yetu.

Kwa akina mama wenzetu

Kama unaye mtoto mwenye ulemavu anayependa muziki, tunakusihi mambo machache. Mwulize kwanza yeye, kabla ya mwalimu na kabla ya daktari. Kisha mwulize mwalimu kila kiungo cha mwili kina kazi gani katika chombo hicho. Utashangaa jinsi kazi nyingine zilivyo za kushikilia tu. Mwenye mkono mmoja afikirie ala za shaba, ambazo huhitaji vitufe vichache. Kinanda cha umeme nacho kina msaada wake, kwa kuwa vingi huweza kurekodi sehemu moja kisha mtoto akapiga ya pili juu yake. Asiyeona ajue kwamba maandishi ya nukta nundu yanao muziki wake pia. Louis Braille, aliyeyabuni, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa mjini Paris, na kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1829 kilieleza namna ya kuandika muziki. Hata asiyesikia asifungiwe mlango: Evelyn Glennie wa Uskoti, aliyepoteza usikivu tangu utotoni, hupiga ngoma bila viatu ili aupate mtetemo kwa nyayo.

Usimtafute fundi wa mbali kabla hujamwona wa karibu. Fundi baiskeli, seremala, mshona viatu, hawa wanajua kufanya kitu kishike kitu. Na kila kifungo kitakachowekwa, mtoto aweze kukifunga mwenyewe.

Zaidi ya hayo, jihadhari na huruma yako. Yetu ilikuwa ya kweli, ilitoka moyoni, na ilimfungia mtoto nje kwa miaka miwili. Ule mkono wa bandia bado uko juu ya kabati. Hatujautupa. Tukiutazama tunakumbuka kwamba sisi ndio tuliokuwa na haja nao.

Tunapoandika haya ni jioni. Ng’ombe wamekwisha kulishwa. Majani sasa tunayakata kwa panga, hatukutaka mashine tena. Kutoka nyuma ya nyumba inasikika tarumbeta ikirudia mstari ule ule mara ya sita, na mara ya sita inakosea pale pale. Hatumwambii aache. Chakula kitapoa, tutakipasha moto.